Turubai Likishafunguliwa: Mwongozo wa Miezi Inayofuata Mazishi

Baba alizikwa Jumatano baada ya adhuhuri. Ijumaa ikasomwa khitma. Jumamosi asubuhi vijana wakaja kufungua turubai, wakahesabu viti, wakakuta viwili vimevunjika miguu, wakapakia kila kitu kwenye pikapu na kuondoka. Ilipofika saa nane mchana uani palibaki mafiga yenye majivu, mama, na mimi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya saa nane ile. Kwa siku tatu za mwanzo sisi hatuhitaji kufundishwa. Mtu asiyekujua jina atakuchotea maji, jirani atatoa chumba chake walale wageni wako, na sufuria la pilau litatoka mtaa wa tatu. Ni desturi yenye mizizi: habari za kufa kwa Ja'far bin Abi Talib zilipofika Madina, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe chakula kwa kuwa wameshughulishwa na msiba, na leo hata jirani Mkristo hasubiri kuambiwa. Shida ni kwamba msaada wote unashuka kwa mkupuo mmoja. Siku ya pili chakula kinamwagwa. Wiki ya tatu mjane anakunywa chai kavu peke yake. Karibu kila ninachokushauri hapa ni namna ya kuchota kidogo katika zile siku tatu na kukiweka akiba.

Mifano yangu mingi ni ya Tanzania, kwa kuwa ndiko nilikozikia.

Hatua ya kwanza: msiba ukiwa bado umejaa watu

Mfiwa asipewe kazi. Lakini awepo mtu mmoja wa karibu, mwenye kichwa kilichotulia, anayeshika vitu vitatu.

Cha kwanza ni karatasi. Kibali cha mazishi na tangazo la kifo kutoka hospitali, au barua ya serikali ya mtaa kama kifo kimetokea nyumbani, viingie kwenye bahasha moja pamoja na kitambulisho cha NIDA cha marehemu, kadi yake ya benki, ya bima na ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Piga picha kila kimoja kwa simu. Nimeona kibali cha mazishi kikiachwa mfukoni mwa mjomba aliyerudi Mwanza usiku uleule.

Cha pili ni simu ya marehemu. Iwekwe chaji, isizimwe, wala isipewe mtoto achezee. Humo mna majina ya waliomdai na aliowadai.

Cha tatu ni daftari la rambirambi. Wengi hulitumia kuhesabia fedha tu. Wewe andika jina kamili, mahali mtu alikotoka, na namba ya simu. Nitalirudia mwishoni.

Kuhusu madeni: atatokea mtu matangani na kusema alimkopesha marehemu. Mwandike, mshukuru kwa kuja, usimlipe. Wala msikubali kikao cha kugawa vitu kifanyike siku ya kuanua tanga, hata aliyekiitisha awe baba mkubwa. Mtu aliyepata usingizi wa saa nne tu kwa siku tatu hana akili ya kusaini chochote.

Hatua ya pili: panga zamu kabla watu hawajatawanyika

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote, na hapahitaji fedha.

Kundi la WhatsApp la msiba kwa kawaida hufa baada ya ujumbe wa shukrani. Usiache life. Siku ya mwisho, yule mtu mwenye kichwa kilichotulia alibadilishe jina, aandike kwa mfano "Kumtazama Mama", kisha abaki na watu wanane hadi kumi walio karibu kweli. Kila mmoja apewe siku yake: Jumanne ya kwanza ni ya shangazi, Ijumaa ni ya jirani wa ukuta mmoja, Jumapili ya pili ni ya binamu mwenye gari. Zamu ziende wiki sita, kisha zipungue polepole.

Ombi liwe la kitu kinachoonekana. "Ukihitaji chochote tuambie" ni maneno mazuri yasiyoleta hata kibiriti, maana mfiwa hajui anahitaji nini na akijua anaona haya. "Alhamisi nakuja na samaki, tupike wote" haliachi nafasi ya kukataa.

Mtu mmoja alale pale nyumbani kwa wiki mbili. Kwa mama tulimchagua bibi mmoja mzee, mpole, asiyeuliza maswali, mwenye kukoroma. Mama aliniambia baadaye kwamba mkoromo ule ndio uliomlaza: ulimjulisha kwamba ndani kuna mtu.

Aliye katika eda anahitaji zamu hizi kuliko wote. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ana mimba. Kwa wengine ni hifadhi ya kweli, kwa kuwa hakuna anayekutarajia ucheke wala urudi kazini. Kwa wengine ni kuta nne. Wanazuoni wengi wanamruhusu mjane atoke mchana kwa haja ya lazima, kama hospitali, mahakama au kutafuta riziki asipokuwa na wa kumtafutia. Muulizeni sheikh wenu mapema, msisubiri wifi atoe fatwa.

Hatua ya tatu: mwili

Huzuni hukaa mwilini kabla haijafika kwenye maneno. Utasahau kama umekula. Kifua kitabana, utasahau jina la mtoto wa jirani, utaingia jikoni na kusimama. Wengi husikia sauti ya marehemu au kunusa sigara yake. Hilo peke yake si wazimu na si lazima liwe jini.

Fanya machache tu. Uji asubuhi, hata nusu kikombe. Maji. Kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi kabla jua halijawa kali. Mwenye dawa za presha, sukari au ARV apate mtu wa kumkumbusha kila siku, kwa sababu dozi nyingi huachwa wiki za msiba na madhara yake huonekana wakati wageni wameshaondoka. Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa ushauri wa shemeji. Usingizi ukigoma zaidi ya wiki mbili, muone daktari. Pombe nayo inalaza kwa muda wa saa mbili, kisha inakuamsha saa tisa usiku ukiwa na majonzi yaleyale na kichwa kinachouma.

Usiku ni mbaya kwa sababu hauna kazi. Redio yenye sauti ya chini inasaidia, na kwa wengine ni adhkari au rozari, kwa kuwa mikono inapata cha kushika.

Hatua ya nne: maneno ya watu

"Kaza moyo." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Usilie, unamsumbua marehemu." "Wewe mwanaume bwana."

Wanaosema hivyo hawana ubaya; wanaogopa ukimya. Huna haja ya kubishana. "Ahsante, niache nilie kidogo" inatosha, tena isemwe kwa upole. Kwa Waislamu wanaoambiwa machozi ni kukosa imani: Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika. Kinachokatazwa ni kujipiga na kuchana nguo. Kwa Wakristo, mstari mfupi kuliko mingi katika Injili ya Yohana ni wa Yesu kulia kwenye msiba wa rafiki yake.

Kisha kuna maneno ya kitaalamu yanayozunguka kwenye simu, zile "hatua tano za huzuni". Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa. Ni baadaye tu watu walipozivisha waliofiwa. Usijipime nazo. Ukijiuliza "mbona sijapata hasira bado?" unajiongezea mtihani bure. Karibu zaidi na niliyoyaona kwetu ni walichoeleza Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999: mfiwa hupembea. Saa hii analia juu ya shati, saa ijayo anapigania bei ya mkaa, kesho anarudi kwenye shati. Kupembea kwenyewe ndiko kunakomponya. Kwa hiyo siku mama alipocheka kwa sauti kwenye wiki ya tano, na shangazi akamtazama vibaya, nilimwambia shangazi aende akatazame mchele.

Hatua ya tano: karatasi, moja kwa wiki

Watu hutenganisha faraja na makaratasi. Mimi siwezi, maana sijaona kinachorarua moyo kama kujibu "marehemu ni nani yako?" kwenye madirisha manne kwa siku moja. Jiwekee sheria: ofisi moja kwa wiki, uende na mtu wa pili anayebeba bahasha, na mkitoka mle kitu kabla ya kurudi nyumbani.

Anza na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na hakuna ofisi itakayokusikiliza bila cheti hicho. Unaweza kuanza maombi kwa mtandao au kufika ofisi yao ya wilaya na lile tangazo la kifo. Kagua herufi za majina kabla ya kuondoka dirishani. Jina la baba kwenye cheti lilikuwa na "h" ambayo kadi yake ya uanachama haina, na herufi hiyo moja ilitugharimu hati ya kiapo na wiki tatu.

Halafu kikao cha familia cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Andikeni muhtasari wenye tarehe, waliohudhuria na saini zao. Chagueni mtu mwaminifu mwenye muda, si lazima awe mkubwa kwa umri wala awe mwanamume. Mjane anaweza, binti anaweza. Kisha mnapeleka maombi mahakamani. Mirathi zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Nyingine, hasa za Wakristo walioishi nje ya taratibu za kimila, huenda Mahakama ya Wilaya au juu yake. Muulizeni karani kabla ya kulipa ada. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipojitokeza inateua.

Mseme hivi mbele ya ukoo wote, kwa sauti: msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Familia nyingi zilizovunjika ninazozijua hazikuvunjwa na kifo. Zilivunjwa na msimamizi aliyedhani amerithi.

Barua ya usimamizi ndiyo inayofungua benki na salio la simu. Usitumie namba ya siri ya marehemu kutoa fedha, hata kama unaijua na nia yako ni ada ya shule. Mrithi mwingine akilalamika, utaitwa mwizi. Kama marehemu alikuwa na mkopo, uliza benki iwapo mkopo ulikuwa na bima ya maisha. Mikopo mingi ya mishahara inayo, na bima ndiyo hulipa salio, ila hakuna atakayekupigia kukujulisha. Sisi tulirudishwa mara tatu na tawi moja la benki kabla karani wa nne hajafungua faili na kuona bima ilikuwepo.

Mafao yafuatwe kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, PSSSF kwa watumishi wa umma, NSSF kwa sekta binafsi na waliojiajiri, na kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, kama kifo kimetokana na kazi. Beba cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Asiye na cheti cha ndoa aanze kukifuatilia mapema, msikitini, kanisani au serikalini, kwa sababu hapo ndipo wajane wengi hukwama.

Ukikwama au ukinyang'anywa nyumba, usiende kwa wakili wa kwanza unayemuona nje ya mahakama. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa katika wilaya. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza. Mashirika ya TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo, na mirathi ya wajane ni kazi yao ya kila siku. Kwa ndugu wa Kenya, mlango wa kwanza ni barua ya chifu, kisha mahakama, kisha tangazo kwenye Gazeti la Serikali na siku 30 za pingamizi.

Hatua ya sita: vitu vyake

Usikubali kusafishiwa chumba. Kuna ndugu wenye bidii watakaotaka kugawa nguo wiki ya kwanza "ili usizione". Gawa utakapokuwa tayari, na weka kimoja au viwili. Mama alibaki na kikoi na miwani yenye mguu uliofungwa uzi.

Jambo la haraka ni moja: sauti. Laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba hatimaye hupewa mtu mwingine. Hamisha mapema ujumbe wa sauti, picha na video kwenda simu nyingine. Ujumbe wa baba wa sekunde kumi na moja, akiniagiza betri za redio, ndio ninaousikiliza. Hotuba zake zote za harusini sizigusi.

Hatua ya saba: watoto

Usimwambie mtoto kwamba baba amesafiri. Najua tunasema hivyo kwa huruma. Lakini mtoto wa miaka minne atasubiri getini, na akikua atajua kwamba mlimdanganya wote kwa pamoja. "Amelala" ni mbaya zaidi, maana ataogopa kulala. Sema: "Baba amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena, hawezi kurudi. Si kosa lako. Mimi nipo." Atauliza tena kesho, na keshokutwa, jibu maneno yaleyale. Imani ya kwenu iongezwe baada ya ukweli huo, isiufunike.

Usishangae akitoka hapo akaenda kucheza mpira. Watoto huhuzunika kwa vipande. Mwalimu wa darasa aambiwe siku ya kwanza ya kurudi shule. Tanzania na Kenya, namba 116 ni simu ya bure ya msaada kwa watoto.

Hatua ya nane: msaada ulio nje ya ukoo

Imamu, padri, mchungaji au mzee wa jumuiya ndogondogo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sharti moja: awe anasikiliza zaidi ya anavyohubiri. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinaweza kufanya kazi hiyo bila kujua. Mara nyingi kuna mjane mle aliyetangulia miaka mitatu, na nusu saa naye inazidi mahubiri kumi.

Muone mtaalamu ikiwa miezi sita imepita na hali haijalegea hata kidogo: hutoki, huwezi kazi, kila siku ni kama ya kwanza. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 linaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa wenye matibabu, na muda linaoutaja ni huo, si chini ya miezi sita, kwa kuzingatia pia mila za mahali. Usisubiri siku moja ikiwa unatamani kumfuata marehemu, umepanga namna, au umeanza kunywa kila siku. Mwambie mtu leo na uende hospitali, hata usiku.

Namna ya kuingia: hospitali ya rufaa ya mkoa, mapokezi, sema unataka kliniki ya afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii. Huhitaji kueleza zaidi dirishani. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na Dodoma kuna hospitali ya Mirembe. Wengi wanaokwenda huko hurudi nyumbani siku hiyohiyo na tarehe ya kurudi mkononi. Kenya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo, au Befrienders Kenya 0722 178 177.

Na wewe uliyefiwa ukiwa Muscat au Minnesota, ukaona mazishi kwenye kioo cha simu yenye mtandao unaokatika: huzuni yako haina pa kukaa kwa sababu hukushika udongo. Waite wenzako, wekeni tanga hukohuko. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa pwani tunafuata, yanaruhusu swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti aliye mbali. Mtume alimswalia hivyo Najashi wa Uhabeshi. Wakristo waombe misa au ibada siku na saa ileile ya kijijini. Uingereza kuna Cruse, shirika la kuwasaidia waliofiwa tangu 1959, na Marekani namba ya dharura ya kuzungumza na mtu ni 988.

Hatua ya tisa: tarehe, na lile daftari

Andika kwenye kalenda ya ukutani siku ya arobaini kwa wanaoifanya, siku eda inapoisha, Idi au Krismasi ya kwanza, siku ya mwaka. Siku tatu kabla huwa mbaya kuliko siku yenyewe, kwa hiyo zamu zirudi hapo. Arobaini isiwe ya kukopa ili kulisha mtaa. Ndoo ya kahawa na kashata, dua, imetosha.

Mwezi wa saba baada ya mazishi nilifungua daftari la rambirambi. Si kwa hesabu. Nilisoma majina. Ukurasa wa nne, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na mama muuza mkaa wa kona: shilingi 2,000 na namba ya simu. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu mazishi, na mama alikuwa na kinyongo naye kidogo. Nilimpigia. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa naogopa kuja kumliza." Nikamwambia analia hata usipokuja. Jumamosi akaja na kisado cha viazi, wakakaa uani kumenya hadi magharibi, wakimsema baba kwa yale madeni yake ya mkaa ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika popote.